Sumaku ya spika, maji ya bahari na mkono wa kushoto

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Kanuni ya mkono wa kushoto anaitamka bila kukosea herufi, lakini ukimuuliza maana yake anatazama dari. Jumamosi moja alinikuta kibandani kwangu Kongowea, Mombasa, nimeinamia amplifaya ya msikiti, akavuta stuli, akaweka daftari juu ya meza yangu yenye mafuta.

"Shikamoo mjomba. Hii sumaku na chaji imenishinda. Mwalimu ameeleza, nimeandika, lakini haiingii."

Mimi fizikia ya chuo sikuisoma. Nimefungua redio na televisheni za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na yale ninayoyajua yameniingia kwa vidole, mengine kwa kupigwa shoti. Nikamwambia afunge daftari, achukue chupa ya nusu lita, ashuke ufukweni akachote maji ya bahari. Si karibu na mtaro.

Tuliyoyafanya siku ile yanaweza kufanywa na yeyote mwenye meza na dirisha. Nayaandika kama tulivyoyafanya, pamoja na pale nilipokosea.

Vitu vya kutafuta

Kwanza sumaku. Tafuta spika kubwa iliyochanika karatasi, ya inchi nane au zaidi. Mafundi wa redio wanazo zimerundikwa chini ya meza. Nyuma yake utaona sumaku nyeusi kama pete nene, imebanwa katikati ya vyuma viwili. Usiitumie ikiwa bado imo ndani ya vyuma hivyo. Vimewekwa makusudi ili vikusanye nguvu yote kwenye ufa mwembamba inamochezea koili, yaani waya uliozungushwa duara, na nje hubaki makombo tu. Ilaze ndani ya thina usiku kucha, uani, mbali na jiko, gundi ilainike. Asubuhi ingiza kisu chembamba ukibanduebandue. Usipige nyundo, kwa sababu sumaku ya aina hii huvunjika kama kigae. Wala usiibandike motoni kuyeyusha gundi, maana joto kali huidhoofisha.

Kuna watakaokwambia utumie sumaku ya diski ya kompyuta mbovu, ile ndogo inayong'aa. Ina nguvu kweli, na inaweza kukubana kidole ukalia. Lakini kwa kazi hii itakuchanganya: upande wake mmoja wa bapa umegawanywa, nusu ncha ya kaskazini na nusu ncha ya kusini. Maji ya upande huu yatakwenda huku, ya upande ule yatarudi, nawe utabaki unajiuliza umekosea wapi. Mimi nilipoteza adhuhuri nzima kabla ya kugundua. Sumaku ya spika uso mmoja wote ni ncha moja.

Pili, chombo kisicho cha chuma, kipana na kifupi. Sisi tulitumia kifuniko cha ndoo ndogo ya plastiki, upana wake sentimita kumi hivi. Tatu, waya wa shaba mnene wa kuwekea stima ya nyumba, uuchune ganda, uukunje duara linalokaa ukingoni mwa kifuniko. Nne, ule mtarimbo mweusi wa kaa (kaboni) ulioko ndani ya betri ya tochi iliyokufa; sisi tuliokua bila vitu vya kuchezea tulikuwa tukiandikia nao ukutani. Usafishe vizuri, ule unga mweusi utoke. Tano, betri kubwa sita za tochi zilizofuatana, yaani volti 9. Mwisho pilipili manga ya kusaga, kidole kimoja na nusu tu, usimmalizie mama yako.

Namna ya kupanga

Weka sumaku mezani, kifuniko juu yake, tundu la sumaku liwe katikati ya kifuniko. Mimina maji ya bahari kina cha sentimita moja, usizidishe, kwa sababu kadiri maji yanavyopanda juu ndivyo yanavyoihama sumaku. Laza duara la shaba ukingoni. Simamisha kaa katikati. Sisi tulilishikisha kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti. Nyunyiza pilipili manga juu ya maji.

Sasa waya: upande chanya wa betri uende kwenye kaa la katikati, upande hasi uende kwenye shaba ya ukingoni. Usigeuze. Shaba ikiwa upande hasi hailiki. Ukiipeleka upande chanya inaanza kuliwa, maji yanageuka kijani, na jaribio linakuwa supu ya kutu.

Jambo moja la tahadhari kabla hujaunganisha. Maji ya chumvi yakipitishiwa umeme hutoa gesi pande zote mbili. Ukingoni hutoka haidrojeni, na kwenye kaa hutoka klorini, ambayo utaijua kwa harufu yake ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Fanya karibu na dirisha lililo wazi, unganisha kwa dakika moja au mbili kisha kata, upepo upite. Usiweke pua juu ya kifuniko.

Tulipounganisha, kwa sekunde mbili tatu hakikutokea kitu, mpwa wangu akaanza kunitazama kwa huruma. Halafu pilipili ikatetemeka. Ikaanza kusogea, kwanza ile iliyokuwa juu ya mwili wa sumaku, ikavuta nyingine, na mara maji yote yakawa yanazunguka kama mishale ya saa. Hakuna mota wala kijiko ndani.

"Mjomba, nani anakoroga?"

Hilo ndilo swali.

Nani anakoroga

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Chumvi ikiyeyuka haibaki punje. Inaachana vipande viwili, sodiamu yenye chaji chanya na klorini yenye chaji hasi. Vipande hivi vinaitwa ioni. (Chaji hapa si ile ya simu. Ni ile hali ya chembe inayoifanya ivutwe na upande mmoja wa betri na kusukumwa na mwingine.) Ukiunganisha betri, sodiamu inaelekea ukingoni kwenye hasi, klorini inaelekea katikati kwenye chanya. Kiswahili kimetupunguzia kazi hapa: mkondo ni wa maji na mkondo ni wa umeme, na ndani ya kifuniko hiki unavyo vyote viwili.

Sasa sumaku. Tenganisha betri, uiache sumaku pale pale. Maji yatapungua mwendo, yatasimama. Sumaku ni ile ile, chumvi ni ile ile. Kwa hiyo sumaku haimgusi aliyesimama. Chembe yenye chaji ikitulia, hata uiwekee sumaku ya kuinua gari, haitaisikia. Ikianza tu kwenda, inasukumwa. Na haisukumwi mbele, wala nyuma, wala kuelekea kwenye sumaku. Inasukumwa ubavuni, pembe mraba na njia yake, na pembe mraba na uelekeo wa uga wa sumaku wenyewe, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake.

Hapa ndipo mkono wa kushoto unapopata kazi. Nyoosha kidole cha shahada, cha kati na gumba vikae pembe mraba kila kimoja kwa kingine. Cha shahada kionyeshe uga, ambao nje ya sumaku hutoka ncha ya kaskazini kwenda ya kusini. Cha kati kionyeshe mkondo, yaani njia ya chaji chanya. Gumba litakuonyesha msukumo, au kani kama vitabu vinavyosema. Sumaku yetu ilikuwa na ncha ya kaskazini juu, kwa hiyo shahada juu. Mkondo unatoka kaa la katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo cha kati kielekee ukingoni. Simama upande wowote wa kifuniko ufanye hivyo, gumba litakwambia: kama mishale ya saa. Mpwa wangu aliizunguka meza mara nne akiwa amenyoosha vidole kama anayetaka kumroga mtu, na kila mara gumba likakubaliana na pilipili.

Kisha akauliza lililo zuri zaidi. Sodiamu inakwenda nje, klorini inakuja ndani. Zinapishana. Mbona hazisukumwi kinyume, moja huku moja kule, maji yakabaki pale pale?

Nikamwambia ahesabu vinyume. Klorini imegeuza njia, hicho kinyume cha kwanza. Na chaji yake ni hasi, hicho kinyume cha pili. Vinyume viwili vinafutana, kwa hiyo klorini inasukumwa upande ule ule wa sodiamu. Ukitumia mkono wa kushoto kwa chembe hasi, kidole cha kati kielekeze kinyume na inakokwenda, na hapo hutakosea kamwe. Zote mbili zinapigana vikumbo na maji upande mmoja, na maji yanakubali kwenda.

Tukageuza sumaku, ncha ya kusini ikawa juu, betri hatukuigusa. Maji yakazunguka kinyume. Kama huna hakika ncha ya kaskazini ni ipi, sogeza dira taratibu: ncha ya sindano inayotazama kaskazini itakimbia kaskazini ya sumaku. Dira ya simu pia inafaa, lakini usiibandike simu juu ya sumaku, itachanganyikiwa na utahitaji kuizungushazungusha hewani mpaka irudi akili.

Inafaa kujua msukumo huo ni mdogo kiasi gani. Mita yangu ilionyesha nusu ampea hivi. Uga juu ya sumaku ya spika, kwenye maji, tuukadirie tesla 0.05 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Njia ya mkondo ni sentimita 4. Zidisha uga kwa mkondo kwa urefu: 0.05 mara 0.5 mara 0.04, unapata nyutoni 0.001. Huo ni uzito wa punje tano hivi za mchele. Punje tano zinakoroga kifuniko kizima kwa sababu hazichoki na hakuna cha kuzizuia ila mnato wa maji.

Na ioni yenyewe inatambaa. Kwa volti tulizokuwa nazo, ioni moja ya sodiamu ingehitaji zaidi ya saa nzima kutoka kwenye kaa hadi kwenye shaba, kama maji yangekuwa yametulia. Konokono angeiacha mbali. Wingi wao ndio unaofanya kazi.

Doa la zambarau

Ukitaka kuona chembe zinazokwenda mbio kweli, na si hizi za kutambaa, televisheni ya zamani yenye mgongo ndiyo chuo. Zimekwisha majumbani, lakini ukizunguka kwa mafundi hukosi moja.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi pale Mwembe Tayari, bosi wangu alikwenda kuswali adhuhuri akaniacha na televisheni ya rangi ya mteja iliyokuwa tayari kuchukuliwa. Nilikuwa na sumaku ya spika mkononi. Shetani hana kazi kubwa na kijana wa miaka kumi na saba. Nikaisogeza kwenye kioo. Msomaji wa habari akapinda shingo, uso wake ukawa kijani, koti likawa zambarau, nikacheka peke yangu. Nilipoiondoa, picha ilirudi, lakini doa la zambarau kubwa kama sahani lilibaki kwenye kona.

Bosi aliporudi hakusema kitu. Alitoa koili pana ya duara iliyofungwa utepe mweusi, akaichomeka kwenye stima, akaizungusha mbele ya kioo huku akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, kisha akaizima. Doa likaisha. Mimi nilifagia duka wiki mbili, na sentensi moja tu aliniambia: "Ile siyo picha, ni mvua ya elektroni. Umeipotosha mvua."

Nyuma ya kioo kile kuna bunduki ya elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Elektroni zinavutwa kwa volti 25,000 hivi, na zinapopiga kioo zinakwenda kama kilomita 90,000 kwa sekunde, yaani karibu theluthi ya mwendo wa nuru. Televisheni yenyewe inazipinda kwa koili zilizoko shingoni, juu chini na kulia kushoto, ndiyo zinachora picha. Sumaku yangu iliingilia kazi ya koili hizo. Doa lililobaki si la elektroni, ni la bamba la chuma lenye matundu lililoko nyuma ya kioo cha rangi. Lilishika usumaku wangu likaendelea kuzipinda hata baada ya mimi kuondoka. Televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe haina bamba hilo, kwa hiyo ukipata hiyo, cheza nayo kwa nje bila wasiwasi wa doa.

Kwa nje, narudia. Usifungue mgongo wake. Kioo kile hushika umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mimi umeshanirusha mara moja nikagonga rafu, na nilikuwa najua ninachofanya.

Jambo lililonishangaza nilipokuja kulipigia hesabu ni kwamba hata dunia yenyewe inazipinda elektroni zile. Uga wa sumaku wa dunia hapa Mombasa ni kama mikrotesla 33 (mikrotesla ni tesla moja iliyogawanywa mara milioni), mdogo kuliko wa sumaku ya spika kwa zaidi ya mara elfu. Lakini katika safari ya sentimita 30 ndani ya televisheni, unaweza kuisogeza elektroni karibu milimita 3. Hiyo inatosha kuiangusha kwenye rangi ya jirani. Ndiyo sababu televisheni za rangi zilikuwa na koili yao ya ndani ya kufuta usumaku, na ile sauti ya "ngwuum" uliyoisikia kila ulipowasha ilikuwa yake.

Usukani, si mafuta

Mpwa wangu aliandika kwenye daftari kwamba sumaku "inaongeza kasi ya chembe". Nikamfutia. Kitu kinachokusukuma ubavuni daima, hakikusukumi mbele hata kidogo. Sumaku ni usukani wa tuktuk, si mafuta yake. Inageuza, haiongezi mwendo wala haipunguzi.

Na ukigeuzwa daima kwa nguvu ile ile, utaishia kuzunguka kiplefti. Dereva wa tuktuk anajua: ukiingia kiplefti kwa kasi, unatanuka nje, ukipakia watu wazito, unatanuka, ukikata usukani zaidi, unabana ndani. Chembe ni hivyo hivyo. Nusu kipenyo cha duara lake ni uzito wake mara kasi yake, ukigawanya kwa chaji mara uga. Ile elektroni ya televisheni, ikiachiwa kwenye uga wa dunia peke yake, ingezunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 16. Iingize kwenye uga wa tesla 0.05 kama wa spika yetu, duara linabana hadi sentimita moja.

Kuna siri ndani ya kanuni hiyo ambayo tuktuk haina. Chembe yenye kasi inazunguka duara kubwa, ya polepole inazunguka dogo, lakini zote zinamaliza mzunguko kwa muda ule ule, mradi kasi isikaribie ya nuru. Mmarekani Ernest Lawrence aliiona siri hiyo, na mapema katika miaka ya 1930 yeye na mwanafunzi wake wakatengeneza mtambo wa kuzizungusha chembe na kuzipiga teke la umeme kila nusu mzunguko, bila kuhitaji kubadilisha saa ya teke. Mtambo wa mwanzo uliofanya kazi ulikuwa na upana wa sentimita 11 tu, sawa na kifuniko chetu. Angalia: sumaku inageuza, umeme ndio unaosukuma.

Bado kuna chembe zinazotoroka. Ukienda sambamba na uga, husukumwi kabisa. Ukikata kwa mshazari, unasukumwa kiasi. Ukikata pembe mraba, unasukumwa kwa ukamilifu. Huku kwetu karibu na ikweta, uga wa dunia umelala zaidi kuliko ulivyosimama, kwa hiyo chembe zinazodondoka kutoka angani zinaukata njiani na nyingi zinapindishwa zirudi. Karibu na ncha za dunia uga umesimama, chembe zinateleza sambamba nao mpaka hewani, na watu wa huko wanaona mapazia ya nuru usiku. Mwaka 1927 Mholanzi Jacob Clay alisafiri na kipimo chake melini kutoka Java kwenda Ulaya, akakuta miali ya angani inapungua kadiri alivyokuwa karibu na ikweta. Hiyo ilikuwa dalili kwamba miali hiyo ina chaji. Isingekuwa nayo, sumaku ya dunia isingeijali.

Nani analipa

"Sasa mjomba," akasema, na nikaona kwa macho yake kwamba amenitega, "kama sumaku haiongezi kasi, maji yalikuwa yamesimama na sasa yanazunguka. Kasi hiyo imetoka wapi?"

Betri ndiyo inayolipa. Maji yakishaanza kuzunguka, ioni zinabebwa nayo, kwa hiyo sasa zina mwendo wa pili, wa kuzunguka. Weka mkono wa kushoto kwenye mwendo huo: sodiamu inasukumwa irudi katikati, kinyume na inakotaka kwenda. Betri lazima iongeze juhudi kuivusha. Juhudi hiyo ya ziada ndiyo inayogeuka kuwa mzunguko wa maji. Sumaku ni dalali tu, inachukua mkono huu inatoa mkono ule. Kwenye kifuniko chetu athari hii ni ndogo mno, mita yangu haikuiona, lakini geuza mambo uone: ondoa betri, acha maji yaende yenyewe, na sumaku itayatengenezea umeme.

Pale kivukoni Likoni jambo hilo linatendeka kila siku. Siku za bamvua maji yakiingia na kutoka mlangoni mwa Kilindini, ni bahari ya chumvi inayokata uga wa dunia. Tufanye hesabu ya makadirio: mkondo tuseme mita moja kwa sekunde, upana nusu kilomita, na sehemu ya uga inayosimama wima tuseme mikrotesla 15. Zidisha: unapata milivolti 7.5 kati ya ukingo wa kisiwani na ukingo wa Likoni. Watu wanavuka na feri juu ya betri ya maji na hawajui.

Usikimbilie kwenda kuipima. Michael Faraday alijaribu London, Januari 1832, akazamisha mabamba ya shaba kwenye mto Thames pale daraja la Waterloo, na hakupata kitu cha kutegemea. Mabamba yenyewe yakikaa majini hutoa umeme wao wa kikemia, na huo unaumeza ule unaoutafuta. Ukifanya kwa uangalifu zaidi inawezekana: kati ya Florida na Bahamas, kebo ya simu iliyolala chini ya bahari ilianza kutumiwa miaka ya 1980 kupima mkondo wa bahari kwa volti inazookota.

Na ukiongeza betri badala ya kuiondoa, unapata meli. Wajapani waliunda moja, Yamato 1, wakaiendesha bandarini Kobe mwaka 1992, bila pangaboi. Maji ya bahari yalipita kwenye mirija yenye sumaku kali na umeme, yakasukumwa nyuma, meli ikaenda mbele. Ni kifuniko chetu kilichonyooshwa. Ilifika kilomita 15 hivi kwa saa, na ilihitaji sumaku zilizopozwa kwa gesi ya heli iliyogeuzwa kimiminika, kwa hiyo ilibaki kuwa ya majaribio. Pangaboi bado ni rahisi.

Jaribio la nyumbani la kufuata ni hilo: kata mfereji mnyoofu kwenye chombo cha plastiki, mabamba mawili ya kaa pande mbili, sumaku chini, uone maji yakikimbia mstari mmoja badala ya kuzunguka. Ukitumia mabamba marefu zaidi ya sumaku, sehemu iliyozidi inakula betri bure.

Ukimaliza, tenganisha betri kwanza. Maji yale usiyarudishe kwenye chupa ya kunywea. Yamwage nje mahali pasipo na mimea, maana yana klorini na soda kali. Suuza shaba na kaa kwa maji baridi ya bomba, uvikaushe, la sivyo kesho utakuta ukoko mweupe. Sumaku ilaze juu ya kipande cha chuma bapa, mbali na kadi ya benki. Mpwa wangu alisahau yake mfukoni, akapanda nayo matatu hadi Mtwapa pamoja na kadi ya mamake. Dada yangu alinipigia jioni ile.